Vitabu vya Kujifunzia Kiakadi, na Mtu wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

(Mhadhara uliotolewa Ujiji mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo vya Kurani na watu wa mji)

Nimekuja kusema habari za lugha ambayo kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi hapana mtu duniani aliyezaliwa nayo.

Azma yangu leo ni moja, nayo ni kueleza ni kwa vitabu gani, kwa zana gani na kwa utaratibu gani mtu akaaye mwambao huu, asiye na chuo kikuu cha kumfundisha wala maktaba ya kumwazima, aweza kujifunza Kiakadi hata akakisoma mwenyewe. Kiakadi ndiyo lugha ya Babeli na Ashuru, iliyosemwa baina ya mito ya Dijla na Furati, ikaandikwa juu ya udongo tangu milenia ya tatu kabla ya Kristo hata karne ya kwanza baada yake. Kwa nasaba ni ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, na kwa wingi wa maandishi iliyotuachia, sheria, barua, mashairi, hati za mikopo na hesabu za nyota, ni miongoni mwa lugha tajiri kabisa za zama za kale.

Najua wako kati yenu wanaojiuliza: Ujiji na Babeli, wapi na wapi? Swali hili nimelitafakari sana, na nimeona kwamba elimu ya kusoma Kiakadi na habari za mji wetu huu zilikua pamoja, katika miji ile ile na mara nyingine mikononi mwa watu wale wale. Mwaka 1857 Jumuiya ya Kifalme ya Asia mjini London iliwapa wanazuoni wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, maandishi ya mfalme mmoja wa Ashuru, Tiglath-Pileser wa Kwanza, kila mmoja afasiri peke yake na kupeleka kazi yake ikiwa imetiwa muhuri. Na zilipofunguliwa, tafsiri zao zilikubaliana kiasi cha kuwaridhisha waamuzi kwamba lugha ile imekwisha kufunguka. Mwaka ule ule Burton na Speke waliondoka pwani yetu na msafara, na Februari 1858 wakaingia Ujiji. Rawlinson huyo huyo, aliyening'inia katika majabali ya Behistun huko Uajemi akinakili maandishi ya mfalme Dario, ndiye aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia zilipofika London mwaka 1872 habari kwamba Stanley amekutana na Livingstone hapa Ujiji. Mwisho wa mwaka huo, tarehe 3 Desemba, George Smith alisoma mbele ya watu kisa cha gharika alichokikuta katika vibao vya Ninawi, na gazeti la Daily Telegraph likamgharimia safari ya kwenda kuchimba. Gazeti hilo hilo, kwa shirika na New York Herald, likamgharimia Stanley safari yake ya pili, akarudi Ujiji Mei 1876 na kulizunguka ziwa letu lote kwa mashua. Smith alifariki Halab mwezi wa Agosti mwaka huo, wakati ambapo Stanley alikuwa bado upande huu wa dunia.

Basi waliokuwa wakiifungua Babeli ndio waliokuwa wakipokea habari za Ujiji. Wazee wetu waliandikwa katika vitabu vya safari, wala hapana aliyewaletea vitabu vya Babeli. Tena wengi wa waliojenga biashara ya mji huu asili yao ilikuwa Omani, na Omani imetajwa katika maandishi ya Kiakadi kwa jina la Magan, nchi ya shaba, ambayo wafalme wa Akadi walijisifu kuipiga vita, na ambayo shaba yake ilipandishwa kwa majahazi katika Ghuba hata mji wa Uru. Kwa hiyo msidhani nawaitia jambo la ugenini.

Hoja yangu ya kwanza ni kuwa mtu wa hapa haanzi na mikono mitupu. Vitabu vya Kiakadi vilivyopo vimetungwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya na Marekani, ambaye aghlabu hajapata kusikia kwamba neno laweza kujengwa juu ya mzizi wa herufi tatu, kwa hiyo hutumia kurasa nyingi kumzoesha jambo ambalo kijana aliyedurusu Ajrumia, kitabu cha nahau ya Kiarabu, katika vyuo vyetu amelilalia na kuliamkia. Mweleze kijana huyo kwamba mfalme huitwa sharru akiwa mtenda, sharra akiwa mtendwa, na sharri akitanguliwa na herufi ya jarri, naye atakujibu pale pale: hiyo ni rafaa, hiyo ni nasbu, na hiyo ni jarri. (Maneno ya Kiakadi nayaandika kwa herufi zetu, ingawa vitabuni mtayaona yamewekewa vijitone na vikofia.) Mwambie kwamba mauti ni mutu, jua ni shamshu, nafsi ni napishtu na ardhi ni ersetu, naye atatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa zake ugenini. Hata yule asiyejua Kiarabu, maadamu anasema Kiswahili, anayo mengine bila ya habari: maskini tumelipata kwa Waarabu, nao kwa njia ya Kiarami walilipata katika Kiakadi mushkenu, ambalo katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, ni jina la tabaka lililo chini ya mabwana, na hekalu limesafiri njia ile ile kutoka ekallu, jumba la mfalme, neno ambalo Wababeli nao walilipokea kwa Wasumeri waliowatangulia.

Liko pia jambo la sauti, na hapa naomba masheikh wanisikilize. Kiakadi kilikaa na Kisumeri karne nyingi, kikapoteza ain na herufi nyingine za kooni, vivyo hivyo kama sisi tulivyoziacha tuliposema akili, ahadi na elimu. Ndiyo maana jicho, ambalo Kiarabu hulitamka kwa ain, kwa Kiakadi ni inu tu. Sikio la Mswahili limekwisha kuzoea kulitambua neno la Kisemiti lililovuliwa ain yake, na hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa London hulitafuta kwa taabu. Na katika vitenzi, Kiakadi hugeuza maana kwa kukigeuza kitenzi chenyewe, kama sisi tusemavyo pika, pikwa, pikia na pikisha. Kula ni akalu, na kulisha ni shukulu, kwa sauti ya sh iliyoongezwa. Sisi nasi twasema la, lisha. Hapa hapana udugu wa damu, ni sadfa tu, lakini ni sadfa yenye manufaa, kwa kuwa mtoto wa Kiswahili akishaoneshwa mara moja hasahau tena.

Natahadharisha, hata hivyo, kwamba akiba hii humponza asiyeiangalia. Mwenye Kiarabu akikutana na alaku atakumbuka halaka, aseme mtu huyu amehiliki, kumbe alaku ni kwenda tu, na mtu aliyetajwa yu hai na yu safarini. Wala asitazamie kitenzi mahali kinapokaa kwetu, kwa sababu Wababeli walijifunza kwa Wasumeri kukiweka mwisho wa sentensi, na msomaji hana budi kubeba majina yote mkononi mpaka afike kwenye kitenzi ndipo ajue nani kamfanya nini nani. Kwa hiyo Kiarabu kiwe msaidizi, kisiwe hakimu.

Hoja ya pili yahusu kitabu cha sarufi, nami nasema kiwe kimoja, kiwe kipya, na kisomwe hata mwisho. Nimeona vijana wenye raghba kubwa wakikusanya katika simu zao vitabu ishirini vya Kiakadi, wakafungua kila kimoja ukurasa wa kumi. Kitabu ninachokitanguliza ni cha John Huehnergard, A Grammar of Akkadian, kilichotoka mwaka 1997 na kutolewa kwa mara ya tatu mwaka 2011. Kina masomo 38, kinafundisha Kibabeli cha Kale, yaani Kiakadi cha zama za Hammurabi, ambacho ndicho mlango ulio mwepesi kupita yote, na kila somo lina sarufi yake, msamiati wake, alama zake za kuandikia na mazoezi yake. Tena hakimsubirishi mwanafunzi hata amalize sarufi ndipo asome, bali humwingiza mapema katika sheria za Hammurabi zenyewe, kisha mikataba, kisha barua. Kina kitabu chake cha majibu, kinachouzwa peke yake, nacho kwa mtu asiye na mwalimu ni faradhi: anayefanya mazoezi bila ya kusahihishwa hujizoesha makosa.

Bei yake ni kubwa kwa mshahara wa mwalimu, sifichi. Basi wachangiane watu watano nakala moja. Na mwenye muda wa jioni tu, au asiyetaka kuanza na alama, aanze na kitabu cha Martin Worthington cha mwaka 2010, Complete Babylonian, ambacho hufundisha lugha kwa herufi za Kilatini na kumwongoza mtu kwa upole. Kisha akishapata moyo ahamie kwa Huehnergard. Cha Richard Caplice kilichochapwa Roma ni kifupi na kizuri, lakini kinataka mwalimu karibu. Vile vya karne ya 19, kama sarufi ya Delitzsch ya mwaka 1889, ambavyo hupatikana bure kwa kuwa haki zake zimekwisha, ni vitabu vya watu wakubwa tunaowastahi. Lakini sarufi ya Kiakadi iliwekwa upya na Wolfram von Soden mwaka 1952, na mwanafunzi anayeanza na vya zamani atalazimika kusahau nusu ya alichojifunza. Ubure wa kitabu usiwahadae.

Hoja ya tatu ni ya mwandiko, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi hukata tamaa. Mwandiko wa Kiakadi haukuwa wa wino. Karani alishika kibao cha udongo mbichi katika kiganja, akakata ncha ya unyasi, akaididimiza kona yake hata ikaacha alama yenye kichwa kipana na mkia mwembamba; kwa alama hizo, zikiwa za kulala, za kusimama na za mshazari, alijenga herufi mia kadhaa, na herufi moja yaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Iliyokuwa hapo kale picha ya nyota, mathalan, mara husomwa an kama silabi tu, mara ilu, yaani mungu, mara shamu, yaani mbingu, na mara haisomwi kabisa bali hutangulia jina la mungu ili kumjulisha msomaji kwamba linalofuata ni jina la mungu. Mtu akiiangalia kitabuni, imechapwa kwa wino katika karatasi bapa, huona msitu wa misumari.

Dawa ni kuandika kwa udongo. Mwanafunzi wa Chicago hununua udongo wa dukani na kuchonga kijiti cha kulia wali wa Kichina. Sisi tunayo matete ufukweni, na udongo wa wafinyanzi tunao, vitu vile vile vilivyokuwa mkononi mwa karani wa Babeli. Kata tete lililokomaa, lichonge liwe na kona ya mraba, finyanga kibao kisichozidi kiganja, na uandike leo alama tano zile zile mara nyingi, ukikigeuza kibao na tete, kwa maana mkono ndio unaojua kwa nini msumari huu umelala juu ya ule: umetangulia au umefuata. Ukikosea, futa kwa kidole chenye maji. Vibao vya wanafunzi wa Babeli vimefukuliwa kwa wingi, vya mviringo mfano wa andazi, mwalimu ameandika mstari mzuri na mtoto ameuiga kwa mkono unaotetemeka. Na wazee wetu waliosomea ubao wa mbao, wakaandika aya, wakahifadhi, wakaosha na kuandika nyingine, hawahitaji kuelezwa hekima ya njia hiyo. Orodha ya alama aliyoiweka Huehnergard mwishoni mwa kitabu chake yatosha kwa mwaka wa kwanza. Wenzetu wasomao Kifaransa wanayo pia ile ya René Labat, yenye kuonesha sura za kila alama kwa zama zake.

Hoja ya nne, kamusi na matini. Kamusi kubwa ni ile ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1921 na James Henry Breasted, juzuu yake ya kwanza ikachapwa mwaka 1956 na kazi yote ikakamilika mwaka 2011, miaka 90, ambapo walioianza walikuwa wamekwisha kufariki, nao waliofuata wakaichukua kazi bila ya kuibadili azma. Fahari yake ni kwamba kila neno limefuatana na sentensi lilimotumika, pamoja na tafsiri, hata mtu aweza kuisoma kama kitabu cha mafunzo. Chuo kile kimeziachia juzuu zote zichukuliwe bure katika intaneti. Na kwa kuwa faili zake ni nzito, ushauri wangu ni mtu mmoja azishushe penye mtandao mzuri, azitie katika flashi, na wengine wanakili kwake. Kwa kazi ya kila siku ile fupi ya Black, George na Postgate, iliyotoka kwanza mwaka 1999, inatosha.

Matini nazo ziko katika hazina mbili za intaneti ambazo ni amana kweli kweli: CDLI, yenye picha za vibao kutoka majumba ya makumbusho ya dunia, na Oracc, yenye maandishi yaliyofasiriwa neno kwa neno. Chuo cha SOAS mjini London kimehifadhi sauti za wanazuoni wakisoma mashairi ya Kibabeli, msikilize jinsi wanavyoikadiria sauti ya watu waliokufa. Vingine vingi vinavyozagaa vina madhara, nami nawapa kipimo kimoja: kitabu au orodha yoyote isiyotaja neno limetoka katika kibao gani na cha zama gani, ikachanganya Kibabeli cha Hammurabi na Kiashuru cha miaka elfu baadaye kana kwamba ni kitu kimoja, iacheni.

Na katika matini, anzeni na barua. Watu hukimbilia shairi la Gilgamesh, nami siwalaumu, lakini lugha ya shairi ni ngumu na imepindwa kwa makusudi. Barua ni maneno ya watu. Hufunguliwa kwa desturi moja: karani anaamriwa amwambie fulani kwamba fulani asema hivi na hivi, kisha dua ya afya, kisha shida yenyewe, mpango ambao yeyote aliyesoma barua za kale za Kiswahili, zenye maamkizi na ama baada yake, ataujua mara moja. Iko moja katika jumba la makumbusho la British Museum, ya yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, ambayo mtu aitwaye Nanni alimpelekea mfanyabiashara wa shaba wa mji wa Uru, Ea-nasir, akimlalamikia kwamba shaba aliyoonyeshwa mjumbe wake ni mbovu, na mjumbe mwenyewe amedharauliwa na kurudishwa mikono mitupu katika nchi ya maadui. Nani katika mji huu wa biashara atahitaji maelezo ya hasira ile? Atahitaji kamusi tu, na kidogo.

Hoja yangu ya tano na ya mwisho ni kwamba jambo hili lisifanywe na mtu peke yake. Vitabu nilivyovitaja vyote ni vya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Sijaona hata kimoja cha Kiswahili. Lakini tazameni ziwa letu lilivyo: ng'ambo ya Kongo na kule Burundi watu wamesomeshwa kwa Kifaransa, huku kwetu na kule Mpulungu, Zambia, wamesomeshwa kwa Kiingereza, na wakikutana sokoni au bandarini wanaelewana kwa Kiswahili. Darsa ya watu wa pande hizi itasoma Huehnergard kwa huku na Labat kwa huko, na itakapozungumza itazungumza Kiswahili, ikalazimika kutafuta majina ya Kiswahili ya kila kanuni inayoikuta. Nahau ya vyuo vyetu itatoa baadhi ya majina hayo, sarufi ya shule itatoa mengine, na yaliyobaki tutayaunda. Kwa njia hiyo, na si nyingine, ndivyo kitabu cha Kiswahili cha kujifunzia Kiakadi kitakavyopatikana: kitakusanywa katika madaftari ya wanafunzi kabla hakijapelekwa kwa mpiga chapa.

Napendekeza darsa ikutane mara moja kila wiki, baada ya sala ya Isha, na wenzetu wa Kalemie na Uvira, ng'ambo ya ziwa, wafuate masomo yale yale kwa simu na kuandikiana. Tutakapovuka masomo ya sheria katika Huehnergard, kazi ya kwanza ya kufasiri iwe barua za Hammurabi kwa Sin-iddinam, liwali wake katika mji wa Larsa, ambazo zinahusu kuzibua mifereji, kupeleka mashua, na kumrudishia mtu shamba alilodhulumiwa. Zifasiriwe moja kwa moja kutoka Kiakadi, bila ya kupitia Kiingereza, na kila tafsiri isomwe kwa sauti mbele ya wavuvi na wakulima wasiojua lugha ile, waseme wapi hawakufahamu. Mwenye kutaka kuingia na aandike jina lake kwa mwalimu aliyekaa mlangoni, pamoja na lugha anazozisoma. Nakala ya kwanza ya kitabu cha Worthington iko kwake, na wiki ijayo tutaanza na somo la kwanza.